Anga wazi, upeo wa macho haupo: uchambuzi wa safari ya mwisho ya John F. Kennedy Mdogo

Jioni ya Ijumaa, 16 Julai 1999, rubani mmoja alikuwa njiani na ndege yake ndogo kutoka Teterboro, New Jersey, kwenda kisiwa cha Nantucket, pwani ya mashariki ya Marekani. GPS ilipomwonyesha kwamba yuko juu ya kisiwa cha Martha's Vineyard, alichungulia chini atafute taa. Hakuona hata moja. Akaigeuza ndege kushoto, akatazama tena. Giza tupu. Alipohojiwa baadaye alisema alidhani umeme umekatika kisiwani.

Umeme ulikuwepo. Wala hakuwa ndani ya wingu. Kiwanja cha ndege cha kisiwa hicho usiku ule kilikuwa kinaripoti anga isiyo na mawingu na uwezo wa kuona hadi maili 8.

Usiku huohuo, ndege ndogo aina ya Piper Saratoga iliyorushwa na John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa 35 wa Marekani, ilianguka baharini maili saba na nusu kusini-magharibi mwa Gay Head, ncha ya magharibi ya kisiwa hicho. Alikufa yeye, mkewe Carolyn, na shemeji yake Lauren Bessette. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, haikukuta hitilafu yoyote ya ndege wala ya injini iliyotangulia ajali. Taarifa yake ya Julai 2000 ilisema kwamba rubani alishindwa kuimudu ndege wakati akishuka juu ya maji usiku, kwa sababu alipotewa na hisia ya mkao na mwelekeo wake angani. Mambo yaliyochangia yalitajwa mawili: ukungu mwepesi na giza la usiku.

Nimekisoma kisa hiki na wanafunzi wa urubani mara nyingi, na karibu kila mara wa kwanza kufungua mdomo husema, "Alikuwa mzembe." Siafiki, na naona neno hilo ni hatari, kwa sababu anayelitamka hujiweka papo hapo upande wa wasio wazembe, na somo linampita. Hebu tumtazame rubani huyu kama alivyokuwa.

Alipata leseni ya urubani binafsi Aprili 1998. Kufikia siku ya ajali alikuwa na takriban saa 310 za kuruka, 55 kati ya hizo usiku. Mwanafunzi anayesoma hapa huenda ana saa 20 au 30, na akiona 310 anaona mtu mzoefu. Njia ile aliijua: katika miezi 15 iliyotangulia alikuwa ameruka takriban safari 35 za kwenda au kurudi kati ya eneo la New Jersey na visiwa na pwani ile, 17 au zaidi bila mwalimu. Alikuwa katikati ya mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege tu, bila kutazama nje. Masomo 12 kati ya 25 yalikuwa yamekamilika. Saa mbili hivi kabla ya kuondoka aliangalia hali ya hewa kwenye mtandao. Mtu wa namna hii utamkuta katika kila klabu ya kuruka, tena huwa ndiye anayesifiwa kwa bidii.

Lakini zipasue hizo saa 310 na picha inabadilika. Katika Saratoga ile, ndege yenye nguvu na kasi kuliko zile za kujifunzia, alikuwa na saa 36 tu. Katika hizo, alizoruka bila mwalimu pembeni zilikuwa kama saa tatu, na za usiku bila mwalimu hazikufika hata saa moja. Usiku ule alikuwa mgeni katika kazi aliyodhani anaijua. Mwalimu wake mmoja alijitolea kwenda naye siku hiyo, naye akajibu kwamba anataka kuifanya peke yake. Jibu hilo naliheshimu, kwa kuwa kila rubani lazima afike siku ya kusema hivyo. Shida yangu ni usiku aliouchagua.

Tena kwa kweli hakuuchagua. Alitazamiwa kufika kiwanja cha Essex County, New Jersey, ambako safari ya kwenda Martha's Vineyard ingeanzia, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni. Katika Julai, kuondoka saa hiyo kungempa mwanga wa jua safari nzima. Magurudumu yaliacha ardhi saa 2:38 usiku, jua likiwa limeshazama. Safari ilikuwa ileile, kituo kilekile, abiria walewale. Kilichobadilika ni saa tu. Hapa ndipo wanafunzi hupitiwa, kwa sababu kuchelewa hakuhisiwi kama uamuzi. Hakuna mtu aliyekaa kitako akasema, sasa tunaifuta safari ya mchana na kupanga ya usiku juu ya bahari. Ilijigeuza yenyewe. Rubani mwingine aliyekuwa na safari ya kwenda Martha's Vineyard kutoka kiwanja hichohicho jioni ile aliona jinsi ukungu ulivyozagaa, akapima na mambo yake mengine, akaahirisha hadi Jumamosi.

Sasa tuje kwenye kiini cha kisa. Wakati wa kuondoka, Essex County palikuwa na uwezo wa kuona wa maili 4 katika ukungu mwepesi, na vituo vingine njiani viliripoti hadi maili 10. Kanuni za Marekani za kuruka kwa kuona zinadai maili 3 katika sehemu kubwa ya anga inayosimamiwa iliyo chini ya futi 10,000. Kwa hiyo safari ilikuwa halali. Narudia hilo kwa makusudi: kwa kila namba iliyoandikwa, alikuwa ndani ya sheria.

Maili hizo zinapimwaje? Zinapimwa ardhini, kwa mlalo, pale kiwanjani. Zinakuambia jinsi mtu aliyesimama pale anavyoweza kuona kitu kilichopo mbele yake. Wewe uko futi 5,500, unatazama kwa mshazari kupitia tabaka zima la hewa iliyojaa unyevu na chembe za vumbi na moshi. Mchana, tabaka hilo linakuonyesha dunia kama kupitia kioo kichafu, lakini unaiona. Usiku juu ya nchi kavu, taa za miji na barabara zinakuchorea mahali ardhi inapoishia na anga inapoanzia. Usiku juu ya bahari hakuna taa, na bahari na anga zina rangi moja. Mwezi usiku ule ulikuwa mchanga, mwembamba, umeinama karibu na ukingo wa dunia. Unaweza kuwa na maili 8 za kuona na usiwe na kitu hata kimoja cha kuona.

Mwanafunzi wa urubani hujifunza tangu saa ya kwanza kuegemea upeo wa macho: pua ya ndege imekaa wapi chini ya mstari ule, bawa limelala kiasi gani dhidi yake. Tunamwambia, "Toa macho kwenye vyombo, tazama nje." Ni ushauri mzuri, nami nautoa kila siku. Ila maana yake ni kwamba upeo wa macho ndio chombo chake cha kwanza, tena kikubwa kuliko vyote, na hakuna anayemfundisha kukikagua kabla ya kuondoka kama anavyokagua mafuta na oili. Ripoti ya hali ya hewa haina safu ya upeo wa macho. Ni lazima uukisie mwenyewe kwa kuuliza maswali ya kawaida: jua litakuwa wapi, mwezi una ukubwa gani, chini yangu kuna taa au kuna maji, hewa ni safi au imechafuka?

Kennedy alifuata pwani ya Connecticut na Rhode Island kwa futi 5,500, taa za miji zikiwa upande wake wa kushoto. Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri. Alipoipita Point Judith, rasi ya Rhode Island, aliiacha pwani, akakata moja kwa moja juu ya maji kuelekea kisiwani. Ukiniuliza uamuzi wa mwisho uliokuwa bado rahisi kuubadili ulikuwa wapi, nitaweka kidole pale. Angeweza kuendelea na pwani hadi mahali ambapo bara na kisiwa vinatenganishwa na maili chache tu za maji. Angeongeza dakika kadhaa za safari. Angeweza pia kutua kwenye kiwanja chochote cha bara akapiga simu. Baada ya pale, kila dakika ilizifanya taa zibaki nyuma zaidi, na nyuma ndiko rubani hatazami.

Maili 34 hivi magharibi mwa kiwanja cha Martha's Vineyard alianza kushuka, kwa mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa, futi 400 hadi 800 kwa dakika. Ni mshuko wa kawaida kabisa. Saa 3:38 rada inaonyesha ndege ikigeuka kulia kuelekea kusini. Nusu dakika baadaye inaacha kushuka ikiwa futi 2,200, kisha inapanda tena. Saa 3:39 inatulia kwenye futi 2,500. Kama sekunde 50 baadaye inageuka kushoto, inapanda hadi 2,600, halafu huku ikiendelea kugeuka inaanza kushuka, karibu futi 900 kwa dakika. Inapoelekea mashariki inaacha kugeuka, lakini haiachi kushuka. Saa 3:40 na sekunde 15 inaingia tena kwenye mgeuko wa kulia. Mgeuko unakaza, kasi inaongezeka, na kushuka kunapita futi 4,700 kwa dakika. Alama ya mwisho ya rada ni ya saa 3:40 na sekunde 34, futi 1,100.

Ukiisoma orodha hiyo haraka unaona ndege iliyochanganyikiwa. Isome polepole, uone mtu anayehangaika kuirekebisha. Anasimamisha mshuko, anapanda, anatulia, ananyoosha mgeuko. Kila tendo lina mantiki kwa mtu anayeamini mwili wake. Basi tuuulize mwili ulikuwa unamwambia nini.

Ndani ya sikio kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikianza kuzunguka, kuta za mrija huanza nacho huku majimaji yakibaki nyuma kidogo, na vinyweleo vilivyomo huinama na kupeleka taarifa kwenye ubongo: tunazunguka. Mzunguko ukiendelea kwa kasi ileile, majimaji huzikuta kuta, vinyweleo husimama wima, na taarifa hukatika. Ubongo unaelewa kwamba mzunguko umekwisha. Na ukianza kuzunguka polepole mno, taarifa haitoki kabisa; bawa linaweza kulala taratibu na sikio lisijue.

Darasani naonyesha hili kwa kiti cha ofisi kinachozunguka. Mwanafunzi anakaa, anafumba macho, anaweka ngumi kifuani na kidole gumba kimesimama. Anatakiwa akielekeze upande anaohisi anazungushiwa. Ninamzungusha kulia kwa mwendo uleule bila kukatisha. Kidole kinalala kulia mara moja. Tunangoja, darasa zima kimya. Baada ya sekunde kumi, kumi na tano, kidole kinaanza kunyanyuka, kinyonge, hadi kinasimama wima. Bado namzungusha vilevile. Kisha nasimamisha kiti. Kidole kinaruka kushoto, kinang'ang'ania huko. Mwambie afumbue macho uone uso wake. Hajawahi kutokea hata mmoja aliyekisia sawa, hata wale waliotazama wenzao wakikosea kabla yao. Kujua hakusaidii, na hilo ndilo ninalotaka waondoke nalo: sikio halifundishiki.

Mrudishe mwanafunzi huyo kwenye Saratoga gizani. Ndege imelala kulia na yeye anahisi iko sawa. Bawa likilala, nguvu ya kuinua inalala nalo. Sehemu inayobeba uzito wa ndege inapungua, pua inashuka, kasi inapanda. Anaona kipimo cha kimo kinateremka. Kwa kuwa anaamini mabawa yamenyooka, anafanya ambalo mtu yeyote angefanya mabawa yakiwa yamenyooka: anavuta usukani. Lakini ndege iliyolala nyuzi 45 au zaidi ikivutwa usukani haipandi, inakaza mgeuko. Mwili wake unagandamizwa kwenye kiti, na mgandamizo huo nao anausoma kama dalili kwamba ndege inapanda. Anavuta zaidi. Marubani wanaosema Kiingereza huuita mzunguko huu wa kushuka kwa jina la makaburi, na wachunguzi wa NTSB walikadiria kwamba mwishoni bawa la kulia lilikuwa limelala kupita nyuzi 45.

Njia ya kutoka humo ipo, na mpangilio wake ndio kila kitu. Punguza nguvu ya injini. Nyoosha mabawa kwa kutazama kioo cha upeo wa macho bandia, chombo kinachoonyesha ndege imelala kiasi gani, hata kama mwili mzima unapiga kelele kwamba unapinduka. Baada ya mabawa kunyooka, na si kabla, inua pua taratibu. Anayeanza na pua anazidisha balaa. Nawataka wanafunzi waweze kulisema hili usingizini, kwa kuwa katika hali ile hakuna nafasi ya kufikiri.

Mnamo 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakawanyima mwonekano wa nje wakiwa ndani ya ndege angani na mwalimu. Wote 20 walipoteza udhibiti, 19 kati yao kwa mzunguko huuhuu wa kushuka. Wastani wa muda hadi kufikia hatari ulikuwa sekunde 178. Namba hiyo hunukuliwa sana kuwatisha watu. Mimi napenda zaidi sehemu ya pili ya jaribio, ambayo haitajwi: walipofundishwa kwa saa chache njia moja rahisi ya kugeuza ndege nyuzi 180 kwa kutegemea vyombo na kutoka walikoingilia, karibu majaribio yote yaliyofuata yalifaulu. Saa tatu za mafunzo ya vyombo zinazodaiwa na leseni binafsi ya Marekani zina shabaha hiyo, nazo ni za kutoka mahali ulipoingia kwa bahati mbaya. Hazitoshi kwa mtu anayetaka kuingia na kuendelea na safari.

Utauliza, mbona Kennedy alikuwa amevuka kiwango hicho kwa mbali? Jibu lipo katika maneno ya mwalimu wake mmoja kwa wachunguzi. Alisema rubani huyu aliweza kuiendesha ndege bila upeo wa macho, ila huenda angepata shida kufanya kazi nyingine za ziada katika hali hiyo. Fikiria basi kazi za ziada za mtu anayekaribia kutua: kushusha kimo, kupunguza nguvu, kutafuta masafa ya redio, kusikiliza hali ya hewa ya kiwanja, kutafuta taa za kisiwa ambazo kwa hesabu zake zinapaswa ziwe zimeshaonekana. Kila mara kichwa kinapoinama kwenye redio na kuinuka, majimaji ya sikio yanatikisika. Kila mara jicho linapotoka nje kutafuta taa zisizokuwepo, kioo cha upeo bandia kinabaki bila mtazamaji. Kushindwa huanzia hapo, katika sekunde tano tano za kutazama kwingine.

Na alikuwa peke yake katika kazi hizo. Hakuwasilisha mpango wa safari, na hakuzungumza na waongoza ndege baada ya kuondoka Essex County. Sheria haikumlazimisha. Lakini mtu wa rada anayekufuatilia anaweza kukuambia kwamba unaelekea kusini wakati wewe unadhani unaelekea mashariki. Ndege yenyewe pia ilikuwa na mtambo wa kujiendesha uwezao kushika mwelekeo na kimo. Wanafunzi wengine huona kuutumia mtambo huo ni kukiri udhaifu. Mimi naufundisha kama mkono wa tatu, na wakati wa kuuwasha ni kabla taa za pwani hazijaisha, ukiwa bado umetulia na huuhitaji.

Katika kupanga safari ya usiku, siku hizi nawaagiza wanafunzi wachukue ramani na penseli laini, wapake kivuli kila mahali ambapo hakutakuwa na taa chini. Hakuna hesabu, hakuna fomula. Kisha wapime kivuli kirefu kuliko vyote kwa dakika. Kwa safari ya Kennedy, kivuli kinaanzia Point Judith. Mwanafunzi mmoja alipomaliza kukipaka aliinua penseli na kuniuliza kama angeruhusiwa kuzunguka kwa pwani. Nilimwambia hakuna anayehitaji kumruhusu.

Yule rubani wa Teterboro aliendelea na safari yake ya Nantucket. Alipokaribia, ilimbidi ageuze ndege ili kupisha nyingine. Aliwaeleza wachunguzi kwamba katika kugeuka huko aliona hawezi kushika kimo kwa kutazama nje. Basi akayarudisha macho ndani, akaushika mgeuko na kimo chake kwa vyombo.